Alale Chali

Wakili alikuwa amemfundisha Mama Cherehani mambo matatu: asilie, asimwite jaji "mwanangu", na akiulizwa ajibu alichoulizwa tu. Kwa hiyo jaji alipovua miwani na kumuuliza, "Mama, wewe hasa unataka nini?" alibaki mdomo wazi. Hilo hakuwa amefundishwa.

Mama Pacha, aliyekaa nyuma yake kwenye benchi la wazazi, akamtupia kwa sauti ya chini, "Sema basi, shoga, kabla hajavaa miwani tena."

"Nataka alale chali," akasema Mama Cherehani.

Kicheko kikatoka huko nyuma kwa watu waliokuja kupunga upepo wa feni. Jaji hakucheka. Akamwambia aeleze.

"Mheshimiwa, wanalala ubavu. Wote. Chumba kilijengwa kwa watu arobaini na wamo mia na ushei, juu ya sakafu tupu. Mmoja kichwa huku, mwenzake kichwa kule, magoti ya huyu kwenye mgongo wa yule. Kuna nyapara, mfungwa mwenzao aliyepewa ukubwa. Akipiga kofi, wote wanageuka upande wa pili. Usipogeuka unageuzwa. Na mwanangu ana pumu. Sisemi aachiwe, hilo lina hakimu wake huko chini. Sisemi apewe kitanda. Alale chali tu, kifua kipande kishuke. Mtu hata akiwa mwizi, na wangu si mwizi, mgongo anao."

Jaji akaandika. Akaandika muda mrefu kuliko maneno aliyoambiwa, na Mama Cherehani akarudi kukaa, hajui kama amesema vizuri au ameharibu.

"Umesema," Mama Pacha akamnong'oneza. "Hata mimi nimejisikia kulala."

Huyo Mama Pacha walijuana kwenye foleni ya gerezani. Alikuwa na mapacha wa kiume, mmoja ndani, mmoja nje, na alizoea kusema kwamba yeye analala jicho moja kwa sababu jicho la pili liko rumande. Wa Mama Cherehani alikuwa mmoja tu. Mtaani walimwita Kibiriti kwa wembamba wake. Alikuwa fundi simu, na simu ya wizi ilikutwa mezani kwake, imefunguliwa tumbo, ikisubiri kioo. Aliyeileta hakuonekana tena. Aliyeitengeneza ndiye aliyebebwa.

Jengo la mahakama lilikuwa na ghorofa moja. Chini alikaa hakimu mwenye kesi ya simu. Juu alikaa jaji mwenye kesi ya gereza, ile ambayo wakili alikuja kuwashawishi wazazi waifungue, na Mama Cherehani akaapa, jina lake likawa la kwanza kabisa kwenye orodha. Mwanzoni alidhani juu na chini wanaongea. Alidhani jaji akimaliza kumsikiliza anashuka ngazi na kumwambia mwenzake, yule mtoto umtazame. Wakili alimweleza zaidi ya mara moja kwamba haiwi hivyo. Aliitikia kwa kichwa, lakini rohoni alikataa. Watu wanaopanda ngazi moja na kuchota maji kwenye mtungi mmoja, wakose kuongea?

*

Amri ilipotoka, wakili alimsomea pale pale kwenye ngazi. Kila aliye katika gereza lile apewe godoro na nafasi ya kulala chali. Mkuu wa gereza alete taarifa mahakamani, na mkaguzi wa mahakama aende akahesabu mwenyewe, asiridhike na karatasi. Asiyetii atajibu mbele ya jaji.

"Chali! Ameandika neno lako, mama," wakili alisema. Alikuwa msichana mdogo tu, viatu vimeliwa visigino, na machozi yalimlenga yeye badala ya aliyekatazwa kulia.

Mama Cherehani alifika nyumbani amelowa jasho kwa furaha. Mumewe, mlinzi wa ghala la saruji, alikuwa anafunga kamba za viatu aende zamu.

"Tumeshinda, baba."

"Anatoka?"

"Hatoki. Atalala chali."

Mumewe akamwangalia kama anayemtafuta homa usoni. "Kushinda gani huko, mke wangu? Mimi najua mtu akishinda anarudi nyumbani."

"Na godoro."

"Godoro lake liko humo chumbani, limekaa bure."

"Jaji ameamuru, wewe! Asiyetii anaitwa."

"Jaji anakaa ghorofani," mumewe akasema, akisimama. "Mlangoni anakaa askari. Mimi ni mtu wa mlangoni, nakwambia ninachokijua. Bosi wangu anaweza kuandika kule ofisini hata kwa wino wa dhahabu, geti nalifungua mimi."

Ilimkera. Ila yale magodoro yalikuja kweli. Yalikuja kwenye lori, ya sponji, yamefungwa nailoni, wazazi waliokuwa foleni wakayaona kwa macho yao yakishushwa. Mama Pacha alipiga kigelegele hadi askari wa zamu akamwambia hapa si harusini.

Askari huyo wazazi walimwita Kijiko. Kila chakula kilichoingia alikionja, na alikuwa na kijiko chake mwenyewe mfuko wa shati, panapokaa kalamu kwa wengine. Alionja wali, alionja maharage, akichimba hadi chini, halafu akatoa maoni. "Leo chumvi imekukimbia, mama." Au, "Huyu mtoto wako unampenda kweli, humu mna nyama." Mama Cherehani alikuwa akipika kwa kumfikiria Kijiko kwanza, mwanawe baadaye. Siku moja Kijiko alimvulisha kitambaa cha kichwa mbele ya foleni nzima, akakikung'uta, akamrudishia bila kumtazama. Alikivaa upande mpaka alipofika kwake.

Lakini wiki ya magodoro Kijiko alibadilika. "Karibu, mama wa jaji," alisema, na alionja mara moja tu, tena kwa ncha.

*

Siku aliyokuja na dawa ya pumu na chakula cha mchana, Kijiko hakutoa kijiko kabisa.

"Rudi nacho tu, mama. Hayupo."

Mama Cherehani alisikia masikio yakiziba. Mzazi akiambiwa "hayupo" pale mlangoni anafikiria jambo moja. Bakuli likamtoka, mfuniko ukazunguka kwenye sakafu ukichelewa kunyamaza. Mama Pacha ndiye aliyemshika kiuno na kumfokea askari: "Hayupo ndiyo nini? Sema vizuri, una mama wewe!"

"Amehamishwa, jamani! Mzima! Nani kasema amekufa?"

Ofisi ya mkuu wa gereza ilikuwa imepakwa rangi upya na bado ilinuka. Mkuu alimkaribisha kiti, hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomchanganya zaidi. Alikuja amejiandaa kugombana na mtu mkorofi, akakuta mtu aliyechoka.

"Mama, chumba ni kilekile," mkuu alisema. "Kuta hazivutiki kama lastiki. Nimeambiwa kila mtu godoro, na kila mtu alale chali. Nikatandika. Yalipofika ukutani yakaisha, na watu bado wamesimama. Sasa niwaning'inize? Nimewapeleka gereza la mbali, huko kuna mabweni mapya. Hivyo ndivyo nilivyotii."

"Lakini kwa nini wangu? Kwa nini wangu, baba, katika wote hao?"

Mkuu akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Si wewe uliyeapa kwamba kifua chake kibovu? Ukasema atakufa humu? Nilipoambiwa nichague wa kuondoa, nikaanza na wagonjwa. Wa kwanza kwenye lori alikuwa mwanao. Nilidhani utakuja kunishukuru."

Hakuwa anamdhihaki. Mama Cherehani alimchunguza uso wote akitafuta dhihaka, angalau apate pa kushika. Hakuipata. Alisema ahsante akatoka, na alipofika nje akajiuliza ahsante ilikuwa ya nini.

Mama Pacha alikuwa anamsubiri. Wake alibaki. Tena alilala kwenye godoro la tatu kutoka mlangoni, penye upepo. Alitaka kulisema hilo, akaona haya, akasema tu, "Twende, nikubebee hilo bakuli."

*

Safari ya kwenda huko ilikuwa ya kutwa nzima, na Mama Cherehani aliacha nguo za watu zimekatwa mikono bila kushonwa. Alijiambia njia nzima kwamba atamkuta amekonda, apate cha kumwambia jaji.

Kibiriti alikuja mbele ya wavu amenenepa mashavu.

"Unapumua?" ndilo lililomtoka.

"Napumua, mama. Dawa uliyoleta ile ya mwanzo bado ninayo nusu."

"Unalalaje?"

"Chali," alisema, akacheka kidogo. "Nalala chali nikiangalia dari. Kuna mabati kumi na moja. Nimeyazoea kuliko watu."

Mama akafurahi, halafu akaona mtoto hafurahi, akachanganyikiwa. "Sasa nini tena, mwanangu? Si ndicho tulichoomba?"

"Mama, kule nilikuwa nabanwa, lakini asubuhi ya kesi wanaita majina. Nasikia langu, napanda gari, nasimama mbele ya hakimu. Huku hawaiti. Nimemuuliza bwana jela, anasema gari ni moja na mafuta ni ya kuletea unga. Mimi si mfungwa, mama, mimi mahabusu tu, sijahukumiwa. Kesi yangu iko kwenu. Mimi niko huku. Nani ataisogeza?"

"Nitamwambia jaji."

"Yupi?"

"Wa juu."

"Wa juu si wa simu, mama."

"Basi nitamwambia wa chini!"

"Wa chini si wa gereza."

Mama Cherehani alishika wavu. Mambo aliyoelezwa na wakili na kuyakataa rohoni, sasa aliyasikia kwa mdomo wa mwanawe, na yaliingia.

*

Kesi ya simu ilipotajwa, Mama Cherehani alikaa benchi la mbele korti ya chini. Mwenye simu alikuwepo, mama mmoja muuza viatu vya mitumba, amekuja na kapu lake kabisa. Mwanamke huyo ndiye aliyekuwa tegemeo. Aliwahi kumwambia Mama Cherehani, waziwazi pale koridoni, kwamba aliyemnyang'anya simu alimwona uso, ni mtu mzima mwenye kovu shavuni, wala si yule kijana mwembamba. Kilichobaki ni kulisema hilo mbele ya hakimu, mshtakiwa akiwepo amtazame.

"Mshtakiwa yuko wapi?" hakimu aliuliza.

"Hakuletwa, Mheshimiwa. Yuko gereza jingine."

"Kwa nini?"

Mwendesha mashtaka alifunua karatasi. "Kwa amri ya mahakama, Mheshimiwa. Ya ghorofani."

Hakimu aliangalia juu, kwenye dari, kama mtu aliyesikia mpangaji wa juu amemwaga maji. Akaahirisha.

Koridoni Mama Cherehani alimkimbilia mwenye simu. "Dada yangu, usichoke. Nakuomba, siku ijayo..."

"Siku ijayo ulisema pia siku iliyopita." Mwanamke yule hakuwa mbaya, alikuwa anabadilisha kapu mkono. "Nikija hapa nimefunga biashara. Simu yenyewe nimeshanunua nyingine. Nitakuja mara moja tena, kwa ajili yako, si kwa ajili yao. Nisipomkuta, basi, shoga, unisamehe. Sirudi."

Jioni mumewe alimsikiliza mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza hakumkosoa. Alivua kofia ya ulinzi akaiweka magotini.

"Kwa hiyo tukiomba arudi, anabanwa kifua," alisema.

"Ndiyo."

"Na tukimwacha huko, anapumua hadi azeeke."

"Ndiyo."

"Mimi nalinda saruji," akasema. "Mifuko ukiitoa ghala hili ukaipeleka lile, hakuna anayeuliza ilikuwa inasubiri nini." Akaivaa tena kofia. "Kamwambie huyo jaji wako amrudishe. Hata asimame."

*

Wakili hakupenda. Alisema inaonekana vibaya, aliyeomba amri ndiye anayekuja kuilalamikia. Lakini aliandika maombi, na Mama Cherehani akapandishwa tena ngazi. Wazazi wengine walikuja pia, maana siku hiyo mkuu wa gereza alileta taarifa yake. Mkaguzi alithibitisha: amehesabu watu, amehesabu magodoro, vinalingana. Jaji alionekana ameridhika. Mara nyingi, alisema, mahakama hutoa amri za namna hii zikaishia kabatini. Hii imetekelezwa.

Ndipo Mama Cherehani akaitwa.

"Mama, wewe tena," jaji alisema, kwa upole. "Umepata ulichoomba?"

"Nimepata, Mheshimiwa. Nimekuja kukirudisha."

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Nirudishie mwanangu sakafuni," alisema. "Ageuzwe kwa makofi kama zamani. Huko aliko analala vizuri lakini kesi yake imelala naye. Kuna shahidi atakuja mara moja tu. Asipomkuta, mwanangu ndiyo basi tena. Sikujua, Mheshimiwa. Niliomba kipande bila kuangalia nguo nzima. Ningeulizwa vizuri ningesema alale ubavu, lakini awe karibu."

Jaji akavua miwani. Akaisugua, akaivaa, akaivua tena.

"Mama, gereza lile limejaa kwa kipimo nilichokitoa mimi mwenyewe. Nikiagiza waongeze mtu mmoja juu ya idadi, nimeivunja amri yangu kwa mkono wangu, na kesho wataongeza kumi. Nikimrudisha mwanao, lazima atoke mwingine. Nimtoe nani?"

Halikuwa swali la kujibiwa, lakini Mama Cherehani alilichukua kama swali. Pembeni yake Mama Pacha aliacha kujipepea. Walikuwa wanawake wawili waliopika kwenye jiko moja pale makaa yalipopanda bei, waliobebeana mabakuli. Mmoja alijua kwamba wa mwenzake yuko mzima wa afya, kifua kama ngoma, na yuko, kama foleni nzima ilivyokwisha kusikia, kwenye godoro la tatu kutoka mlangoni. Mwingine alijua kwamba mwenzake anajua.

Mama Cherehani alifungua mdomo. Mama Pacha hakumfinya wala hakumtazama. Alitazama mbele tu, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri sindano.

"Sijui, Mheshimiwa," akasema Mama Cherehani.

Akakaa.

Jaji aliandika kidogo tu. Aliamuru kwamba mahabusu yeyote aliyehamishwa aletwe siku ya kesi yake, mafuta yawepo yasiwepo. Kurudishwa, hapana. Idadi ibaki ilivyo, na mkaguzi ataendelea kuja bila taarifa.

Walishuka ngazi pamoja. Chini kabisa Mama Pacha akasema, "Ungeweza kumtaja."

"Ningeweza."

"Mimi ningekutajia wako." Akafuta pua kwa upande wa mkono. "Nakwambia ukweli, nimekaa pale nikajiuliza, nikaona ningekutajia. Sasa sijui nikuangalie vipi."

"Niangalie hivyohivyo. Hata mimi sijijui."

*

Wakamleta. Walimleta siku moja kabla ya kesi, kwa gari la unga, na kwa kuwa hakuna mahali pengine pa kumweka, wakamwingiza chumba chake cha zamani. Asubuhi alisimama mbele ya hakimu na unga kwenye nywele, amezeeka ghafla. Muuza viatu alikuja. Alimtazama kijana, akamtazama hakimu, akasema, "Siye. Yule alikuwa mtu mzima, ana kovu hapa. Huyu hata nguvu ya kuninyang'anya hana."

Mama Cherehani alidhani yataishia hapo. Hakimu alisema amesikia, ataandika hukumu, na mshtakiwa atakaa rumande hadi siku ya kuisoma. Rumande ipi, hakusema. Gari la unga lilikuwa limeshaondoka.

Ikawa Kibiriti yuko pale kwenye gereza la karibu, hajarudishwa wala hajapelekwa. Kijiko alipokea chakula chake kama kawaida, akaonja, akasema kwa sauti ya chini, "Chumvi iko sawa. Na usiongee sana juu yake, mama. Hayumo kwenye hesabu."

Siku ya kutembelea, mwanawe alimweleza kupitia wavu. "Nililala wapi? Nilisimama, mama, magodoro yamejaa. Pacha akasogea. Akasema kaa hapa. Tumegawana lake, nusu kwa nusu. Wawili hatuenei chali, basi tunalala ubavu. Akitaka kugeuka ananigusa bega, nami nageuka."

"Hapigi kofi?"

"Hapigi."

"Na kifua?"

"Kinabana kidogo." Akaona uso wa mama yake. "Kidogo tu. Pale ni karibu na mlango."

Mama Cherehani alirudi na maneno hayo, akampitishia Mama Pacha dukani kwake. Mama Pacha aliyasikia, akageuka kupanga vitu vilivyokuwa vimeshapangwa.

*

Wakili alimkuta Mama Cherehani barazani, cherehani inakimbia. Alikuwa anahema na amefurahi, viatu ni vilevile.

"Mama, tumewapata! Mkaguzi aliingia jana bila taarifa, akakuta godoro moja lina watu wawili. Wamezidisha! Wamepewa amri na jaji, taarifa wameleta, na nyuma ya mlango wanarudia yaleyale. Kesho nampelekea jaji. Ila mkaguzi hakupata majina, wafungwa wamekaa kimya wote kama walioziba midomo. Nahitaji mzazi aape kwamba anajua. Nimekufikiria wewe."

Mama Cherehani aliondoa mguu kwenye kanyagio. Gurudumu likaendelea peke yake, likasimama.

"Godoro lipi?"

"La tatu kutoka mlangoni, nadhani alisema. Kwani?"

"Ukisema mbele ya jaji, watafanya nini?"

"Watamtoa aliyezidi, wampeleke anakostahili. Hiyo ndiyo amri, mama. Amri yako." Wakili akatabasamu, akasubiri naye atabasamu. Tabasamu likapungua taratibu. "Mama. Ni yeye?"

Mama Cherehani alivuta uzi, akaukata kwa meno, akatafuta tundu la sindano. Lilikuwa limemkimbia. Wakili aliuchukua uzi mkononi mwake, akauingiza, akamrudishia.

"Nikinyamaza," wakili alisema polepole, "wataona wanaweza. Leo mmoja, mwezi ujao wanne. Mwaka kesho wamerudi kwenye makofi, wote, na hakuna atakayeniamini tena nikienda pale juu. Unanielewa, mama?"

"Nakuelewa, mwanangu. Ndiyo shida, nakuelewa."

"Hukumu yake ni lini?"

"Hakimu amesema karibuni."

"Wanasema hivyo siku zote."

"Najua."

Wakili alikaa kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani. Barabarani mtu alipita akiuza ndizi, wakamsikiliza wote wawili kama vile ana habari yao.

"Mkaguzi ataandika alichokiona, hilo siwezi kulizuia," wakili alisema mwishowe. "Lakini jaji ataniuliza mimi kwanza. Ataniuliza kama wazazi mna malalamiko. Nimwambie nini?"

Mama Cherehani aliweka kitambaa chini ya sindano, akakinyoosha kwa viganja, upande huu na upande huu. Akashusha mguu kwenye kanyagio.

"Mwambie wanalala chali," akasema.